Neno Ambalo Baba Hakutaka Niandike

Jumatatu, 16 Januari 1956. Mvua: inchi moja na robo.

Daftari hili nimepewa na Gideoni, jirani yetu, anayepima mvua na upepo kule uwanja wa ndege. Lilichapwa kombo lilikotoka, safu ya mvua imeangukia pembeni, likawa la kutupwa. "Mwalimu, wewe haukai bila kuandika," aliniambia. "Basi andika hii." Naanza leo kwa kuwa shule imefunguliwa, na kwa kuwa nimepewa kazi iliyonikaa kooni.

Bwana Saulo, mkaguzi wa shule, alikuja saa nne na bahasha ya karatasi za Kiingereza. Wanatunga kitabu cha kusoma cha darasa la sita juu ya vyombo vya safari. Reli amepewa mwalimu wa Tukuyu, meli amepewa mwalimu mwingine, mimi nimepewa ndege. Nilikubali kabla ya kusoma, tabia yangu ileile. Ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza, nikakuta neno aeronautics.

"Maana yake nini?" nikamuuliza.

"Ni elimu ya mambo ya ndege za kuruka."

"Hayo maneno saba, Bwana Saulo. Lao ni moja."

Akacheka. "Ndiyo maana tumekupa wewe, binti wa pwani. Kiswahili kimezaliwa kwenu. Mwisho wa Machi nataka kitabu."

Nimerudi nyumbani nimelowa mpaka kwenye nywele. Baba alikuwa barazani na koti la marehemu mume wangu, kipande cha shuka miguuni, uso ameuelekeza Mlima Loleza asiouona. Miaka miwili sasa tangu Mama afariki na kaka yangu Makame amlete kwangu. Anaona vivuli tu. Anamjua mtu kwa hatua zake. Kazi yake ya zamani ilikuwa kuingiza meli bandarini, kule pwani ya kusini. Huku milimani hana la kuingiza wala kutoa. Analalamikia baridi, viazi mviringo, na namna watu wa huku wanavyosema "mayai imeoza".

Nilitaka kumsimulia juu ya neno lile. Akaniambia chai haina tangawizi. Nikaenda kuponda tangawizi.

Jumatano, 18 Januari. Mvua nusu inchi.

Viazi, maharage, mvua. Baba hajasema neno tangu alfajiri ila la sala.

Ijumaa, 20 Januari. Mvua inchi mbili kasoro kidogo.

Nimewauliza watoto wa darasa la sita: elimu ya kurusha ndege tuiteje? Damari akasema "urukaji". Tukamwuliza kama panzi naye anayo elimu hiyo. Lusia, mdogo kuliko wote, akasimama akasema "undege", akakaa haraka kabla sijamcheka. Sikumcheka. Nimeliandika pembeni.

Jioni Gideoni alipita na mkewe Tupokigwe, wametuletea mkungu wa ndizi kutoka kwao. Tulikuwa barazani wote. Nikamwuliza watu wa uwanjani husemaje.

"Sisi tunasema mambo ya ndege tu," Gideoni akasema. "Wazee wengine bado wanasema ndege Ulaya, wengine eropleni. Ila yule mwenye kuendesha, gazeti lilimwita rubani. Rubani wa ndege. Si ungechukua hapohapo, Mwalimu? Urubani."

Nikafurahi. Mbona sikuliona, nami nimekulia katika nyumba ya rubani wa meli? Nikamgeukia Baba, "Umesikia, Baba? Neno ni lako."

Baba akasema, "Usiliandike."

"Kwa nini?"

"Kiswahili kina maneno mengi. Andika lolote. Hilo usiliandike maadamu niko hai."

Tupokigwe alitazama chini. Gideoni akaanza kusema juu ya ndizi. Mimi niliona aibu mbele ya wageni, na bado naiona ninapoandika.

Jumatatu, 23 Januari. Inchi moja.

Paa linavuja juu ya kitanda changu. Nimesogeza kitanda. Sasa linavuja juu ya vitabu.

Jumamosi, 28 Januari. Mvua inchi mbili na nusu. Mto umejaa.

Barabara ya Iringa imekatika. Wanasema Ruaha imepanda kule Usangu, na malori yamelala matopeni. Padre mmoja, Ambrosi, Mhehe wa Iringa, aliyekuja kwa siku tatu, yuko hapa wiki ya pili. Leo amekuja shuleni kumsalimu binti wa dada yake, nami nikamshika kwa neno langu, maana mapadre husomeshwa Kiyunani na Kilatini.

Akalitazama, akatabasamu kama aliyekutana na mtu wa kijijini kwao.

"Ni Kiyunani, Mwalimu. Maneno mawili yameoana. La kwanza ni hewa. La pili ni baharia, au mambo ya baharia."

"Baharia wa hewani?"

"Ndiyo. Waliotunga hawakuwa na neno la kitu kipya. Wakaazima la watu wa meli."

Nilisimama pale chaki mkononi. Yaani Wazungu nao, na shule zao zote, walipotazama juu waliona bahari. Na sisi tulipoazima rubani kwa Waarabu, naye alikuwa mtu wa meli hivyohivyo, anayejua njia ya kuingilia. Njia zote zinarudi kwenye neno lilelile ambalo mzee wangu amelifungia mlango.

Nyumbani nikamweleza Baba, polepole, kwa adabu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Hao Wayunani walifanya lao. Wewe usiliandike."

Ninaanza kuamini ni wivu. Alikuwa mtu mkubwa bandarini, vijana wakimbusu mkono. Sasa vijana wengine wanapewa jina lake nao wanapita juu ya kichwa chake.

Alhamisi, 2 Februari. Mawingu, mvua kidogo.

Nilimpeleka Baba hospitali kwa kikohozi. Daktari akamwangalia kifua, kisha, bila kuombwa, akamwinua kidevu akammulika machoni. "Mzee, huu ni mtoto wa jicho. Macho yote mawili. Nani alikwambia hautibiki?"

Hakuambiwa na mtu. Hakupata kuuliza.

Kuna daktari bingwa wa macho, yuko Dar es Salaam hadi mwisho wa Machi, kisha anarudi kwao. Barabara imekatika. Ile ya kupita Chunya mpaka Itigi kwenye reli, nayo haipitiki. Nikatoka hapo moja kwa moja mpaka posta, nikampigia Makame, huko Dar es Salaam, simu ya maandishi. Jibu limekuja jioni ileile: atalipia ndege.

Baba akasema hapandi.

"Unaogopa, Baba?"

"Siogopi. Sipandi."

"Ungeona tena!"

"Nimekwisha ona vya kutosha."

Jumatatu, 6 Februari. Inchi moja na nusu.

Tumegombana. Nimemwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi: kwamba kiburi kimempofusha kuliko mtoto wa jicho, kwamba anawaonea wivu hata vijana asiowajua. Hakujibu. Laiti angenijibu.

Ijumaa, 10 Februari.

Hatusemezani ila salamu. Mvua sikuiuliza.

Jumapili, 12 Februari. Inchi tatu na robo, kubwa kuliko zote mwaka huu.

Lazima niyaandike haya leo, yasije yakanibadilikia.

Baada ya adhuhuri nilikwenda kwa Tupokigwe kuazima ndoo za kukingia maji. Sikukawia. Niliporudi, kiti cha barazani kitupu. Fimbo yake iko ukutani. Nilizunguka nyumba, nikaita, nikatoka njiani bila viatu. Mvua ilikuwa nzito hata sikuona nyumba ya pili. Nilipiga kelele, "Baba! Baba!" kama mtoto aliyepotea sokoni.

Aliyemwona ni Gideoni, akitoka zamu. Baba alikuwa ndani ya mtaro chini ya mikaratusi, maji yanamfika kifuani, ameshika mzizi. Hakuita msaada. Gideoni aliteremka akambeba mgongoni, akamleta mpaka jikoni kwangu, matope yanawachuruzika wote wawili.

"Ndaga fijo, Gideoni," nikamwambia. Nilimshukuru kwa lugha ya kwao.

"Mzee alikuwa anakuja uwanjani," Gideoni akasema. "Aliniambia alikuwa anafuata sauti ya injini." Akaondoka, asione aibu yetu.

Niliwasha jiko la mkaa, nikamvua, nikamfunika blanketi, nikachemsha maji. Nilipokuwa namwosha miguu akaniwekea mkono kichwani.

"Nilitaka kukuonyesha kwamba siogopi," akasema. "Nilidhani nitafika."

"Nisamehe, Baba."

"Nyamaza. Osha, nami niseme. Nikinyamaza leo sitasema tena."

Ndipo akaniambia. Ilikuwa mwaka wa arobaini na saba, mimi nimeshaolewa nimekuja huku. Macho yake yalianza na ukungu pembeni. Alijisingizia moshi wa jikoni, akasingizia jua, akasingizia uchovu. Mlango wa bandari ile aliujua kwa moyo, basi akawa anaingiza meli kwa kukumbuka badala ya kuona. Miezi mingi aliweza. Hakumwambia mtu, hata Mama.

"Asubuhi moja iliingia meli ya mkonge," akasema. "Jua linametameta juu ya maji, mimi naona weupe mtupu. Mshika usukani alikuwa Isihaka, tumefanya kazi pamoja miaka kumi na moja. Nikamwambia, 'Kushoto.' Akauliza, 'Kushoto, rubani?' Rukia mwanangu, mshika usukani haulizi. Alikuwa ananipa nafasi. Nikasema tena, 'Kushoto.' Tukapanda fungu la mchanga."

Hakufa mtu. Meli ilikaa siku mbili hadi maji makubwa ya bamvua yalipoinyanyua. Wakuu wakaitisha baraza, wakauliza nani alikosea.

"Nikasema nilimwambia kulia."

Mikono yangu ilisimama majini.

"Ndiyo. Nilisema hivyo, nimevaa kanzu safi. Isihaka alikuwa amesimama mbele yangu. Nadhani alinitazama. Sikuuona uso wake. Hakunikanusha. Wakamfukuza kazi palepale. Mimi nikaendelea miezi mitatu, nikaomba kupumzika, wakaniaga kwa heshima, wakanipa saa. Sasa unataka kuwafundisha watoto wa watu jina hilo, wakuulize rubani ni mtu gani, nawe uwaambie ni kama baba yangu."

Moto ulikuwa umekufa. Nikaukoleza. Nikamkausha miguu, kidole kwa kidole, kama alivyokuwa akinikausha mimi nilipokuwa mdogo tukitoka kuoga. Sikumwambia si kitu, maana ni kitu. Nilimuuliza Isihaka yuko wapi.

"Nimesikia yuko Dar es Salaam, kwa wanawe. Anauza mkaa."

Nimeyasoma ya tarehe 28 Januari, yale ya wivu. Sitaki kuyafuta. Ndivyo nilivyomwona mzee wangu, na nilikuwa nimekosea.

Jumanne, 14 Februari. Kavu, mara ya kwanza.

Baba ameniita asubuhi, amevaa kofia yake ya kutoka. "Mwandikie Makame amtafute Isihaka. Nitapanda hiyo ndege yenu. Ila nikishuka, kwanza kwa Isihaka, kisha kwa daktari."

"Si ungeanza na daktari, Baba, umwone uso wake?"

"Hapana. Nikienda ninaona, nitakuwa nimekwenda kumtazama amekuwaje. Nataka niende hivi hivi."

Jumamosi, 18 Februari. Inchi moja.

Makame amejibu. Isihaka amepatikana Temeke. Nafasi ni moja tu katika ndege ya Alhamisi, nyingine zote zimechukuliwa na watu waliokwama kama Padre Ambrosi. Baba atakwenda peke yake. Nimemfulia kanzu tatu; hazikauki.

Alhamisi, 23 Februari. Mvua: tazama chini.

Tulifika uwanjani saa mbili asubuhi. Ndege ilikuwa pale nyasini, ndogo, injini mbili, imelowa kama kuku. Ilikuwa iondoke saa tatu. Lakini wingu lilikuwa limekalia kila kitu: Loleza hakuna, mikaratusi ya mwisho wa uwanja hakuna, mfuko wa upepo unaning'inia juu ya mti wake kama soksi ya mtu maskini.

Abiria walikuwa saba. Mmoja alikuwa Mzungu mnene mwenye shamba, aliyekuwa akitazama saa kila mara. Saa nne akamwendea Gideoni, aliyesimama na kitabu chake nje ya kibanda.

"Wewe ndiye unayeandika hali ya hewa? Andika mlima unaonekana. Naona mlima mimi."

Gideoni akatazama kule, kwa makini kabisa, kama kwamba huenda ukatokea. "Bwana, mimi siuoni."

"Unajua nina mkutano Dar es Salaam?"

"Najua, Bwana. Lakini rubani yuko ndani anasubiri karatasi yangu. Yeye ni mgeni wa milima hii. Nikiandika naona, ataruka. Mlima itakuwa palepale."

Mzungu akapaza sauti, akasema atamfukuzisha kazi. Watu wote wakageuka. Gideoni alikuwa amekufa rangi, lakini hakuandika. Nilifikiri watoto wake wanne. Nilifikiri Tupokigwe anayepalilia mahindi hivi sasa, hajui kinachosemwa hapa.

Baba alikuwa amekaa juu ya sanduku lake, ameinamisha kichwa akisikiliza. Akanishika mkono. "Nipeleke kwake."

Nikampeleka. Akanyoosha mkono hewani mpaka ukampata Gideoni begani.

"Mwanangu, pale mbele kuna nini?"

"Sioni kitu, Mzee. Weupe tu."

"Sema tena. Kwa nguvu."

"Sioni kitu!"

Baba hakuliachia bega lile. Kisha akanigeukia, machozi yanamtiririka wazi mbele ya watu, akasema, "Rukia, andika neno lako. Nahodha ni mwenye chombo. Rubani ni mwenye njia. Na njia hii mwenyewe ni huyu. Mimi nilishindwa kusema maneno mawili hayo, sioni kitu. Yeye ameyasema mara tatu kabla ya chakula cha mchana."

Yule Mzungu sijui kama alielewa yote, lakini alirudi kwenye benchi.

Saa sita wingu lilipasuka. Mlima ukatoka wote, kijani kibichi, na Gideoni akaandika. Nilimpandisha Baba ngazi mimi mwenyewe. Padre Ambrosi alikaa ubavuni pake na kunionyesha kwa ishara kwamba atamwangalia. Baba hakunikumbatia, alinigusa uso, paji, pua, kidevu, haraka haraka, kama mtu anayehesabu mizigo. Wakafunga mlango.

Ndege ilikimbia ikinyunyiza maji, ikainuka. Nilipata kuona ndege mara mia. Hii ndiyo ya kwanza niliyoiona.

Ilitakiwa kutua Iringa saa saba na robo. Gideoni akaniruhusu nikae kibandani kwenye simu ya upepo, pamoja na kijana wa Kihindi anayeisikiliza kwa vyombo vya masikioni. Saa saba na robo, kimya. Saa saba na nusu, Iringa wakauliza kama tumeirudisha. Hatukuirudisha. Upande wa Usangu mbingu ilikuwa nyeusi kama sufuria.

Saa nane. Kimya. Niliona mkono wa Gideoni ukipitisha penseli juu ya namba zake za asubuhi, moja baada ya moja.

"Niliona mlima, Mwalimu," akaniambia kwa sauti ndogo. "Wakati ule niliuona kweli."

"Najua, Gideoni. Niliuona nami."

Nilisoma Yasini kwa moyo, nikakosea, nikaanza upya. Nilifikiri: mimi ndiye niliyemsukuma. Alikuwa salama barazani na kikohozi chake, mimi nikamwita mwenye kiburi mpaka akaingia mtaroni, kisha nikampandisha ndege.

Saa tisa kasoro dakika kumi yule kijana akainua mkono. Akaandika. Akavua vyombo vya masikioni ndipo akasema, akitabasamu mpaka magego yakaonekana. Ndege ilikutana na mvua, ikageuka, ikatua katika kiwanja kidogo cha nyasi upande wa Mufindi. Wote wazima. Wamekunywa chai kwa watu wa shamba, na sasa wameruka tena, Iringa wanawaona.

Gideoni alitoka nje akaenda nyuma ya kibanda. Nilimwacha huko.

Jumanne, 28 Februari. Inchi moja.

Barua ya Padre Ambrosi kutoka Iringa, imekuja na ndege iliyorudi. "Tulipoingia katika mawingu sote tulinyamaza, hata mimi rozari ilinianguka. Baba yako akauliza kuna nini. Nikamwambia hatuoni kitu nje. Akasema, 'Basi nishikeni mkono wenye kuogopa. Mimi nimekwisha zoea.' Yule Mzungu mnene alimshika mpaka tukatua."

Nimecheka peke yangu mpaka Tupokigwe akaja kuuliza.

Ijumaa, 9 Machi. Mvua nusu inchi.

Barua ya Makame. Naiandika humu kama alivyoiandika, maana karatasi yake imelowa:

"Dada, tulikwenda Temeke kutoka kiwanja cha ndege moja kwa moja, hata chakula hakutaka. Mzee Isihaka alikuwa anapima mkaa, mweusi mpaka kope. Baba akasimama mbele ya watu wote akasema, 'Isihaka, ni mimi Matano. Nilisema kushoto. Wewe ulishika kushoto. Nilikuwa sioni, na nilisema uongo.' Mzee Isihaka akaweka debe chini. Akasema, 'Nilijua huoni. Nilijua tangu miezi ya mwanzo. Kila tulipoingia nilikuwa narekebisha kidogo, nawe hujui. Siku ile nilichoka kurekebisha, nikataka useme mwenyewe.' Baba akamwuliza kwa nini hakumkanusha barazani. Akajibu, 'Nilikasirika sana hata nikaona nikifungua mdomo nitakutukana mbele ya wageni. Kisha siku zikapita. Nimekukasirikia miaka tisa, Matano. Usidhani nimemaliza leo.' Dada, nilidhani tutaondoka. Lakini alinawa mikono, akavaa shati, akasema, 'Twende huko hospitali. Huyu hawezi kushuka ngazi bila mimi.' Yuko naye hadi sasa. Wanagombana kutwa. Baba ameniambia nimwandikie barua nyingine kwa wakuu wa bandari, aitie dole gumba, kueleza ukweli. Amekwisha kuitia. Upasuaji ni Jumamosi, tarehe kumi."

Jumamosi, 10 Machi.

Nimefunga leo, kwa ajili yake.

Ijumaa, 16 Machi. Kavu.

Simu ya maandishi: JICHO MOJA LIMEKUBALI LINGINE BADO ASUBIRI MIWANI. Nimeizungusha shule nzima. Lusia akauliza kama jicho linaloona litamfundisha lile lingine.

Jumanne, 20 Machi. Manyunyu.

Nimemaliza kitabu. Mstari wa kwanza nimeandika hivi: "Elimu ya kurusha ndege tunaiita urubani wa anga." Chini yake nimeeleza kwamba Wayunani waliunganisha hewa na baharia, na kwamba sisi nasi tumeazima neno la watu wa meli, na kwamba si mwenye kushika usukani peke yake anayefanya kazi hiyo, yuko na anayetazama wingu na kusema aliyoyaona.

Bwana Saulo amesoma akiwa amesimama. "Huenda ofisini wakalibadilisha," akasema.

"Walibadilishe," nikamwambia. "Watoto wangu wamekwisha lijua."

Alhamisi, 12 Aprili. Mvua hakuna.

Ramadhani imeandama. Baridi ya asubuhi, futari ya magimbi niliyoletewa na Tupokigwe, ambaye hafungi lakini anajua saa ya magharibi kuliko mimi. Gideoni bado yuko kazini. Yule mwenye shamba aliporudi kutoka safari alimwamkia kwa jina.

Alhamisi, 26 Aprili. Kavu. Anga safi mpaka mwisho.

Leo amerudi.

Nilikuwa uwanjani tangu saa tatu, nimevaa kanga mpya, nimesimama kwenye uzio pamoja na wenye kupokea wageni. Ndege ilionekana mbali sana, maana hakukuwa na wingu, ikashuka, ikasimama. Nilimtafuta mtu wa kumshika mkono akiteremka, lakini alikuwa ameshatoka peke yake. Kanzu nyeupe, miwani mizito kama vitako vya chupa. Alisimama katikati ya ngazi, watu nyuma yake wanangoja, akautazama Mlima Loleza. Akautazama juu mpaka chini. Nadhani hakuwa amejua kwamba ni mkubwa hivyo. Miaka miwili ameuelekezea uso.

Kisha akaja kwenye uzio, akikagua uso mmoja baada ya mwingine. Akamtazama mama mmoja wa Kisafwa mwenye kikapu. Akamtazama karani. Akanitazama mimi. Nilingoja aniite kwa jina. Akanipita hatua mbili, akasita, akarudi kwangu kwa adabu.

"Samahani, bibie," akasema. "Namtafuta binti yangu, Rukia, mwalimu. Msichana mwembamba hivi, ana mwanya. Hujamwona?"

Miaka kumi na miwili. Mara ya mwisho kuniona vizuri nilikuwa na miaka ishirini, natoka kwake bibi harusi. Sikulifikiri hilo hata siku moja. Nilidhani mtu ananiona kwa kuwa naishi naye.

"Baba," nikasema.

Akaisikia sauti. Alivua miwani, akaifuta kwa kanzu, akaivaa tena. Aliangalia mvi zangu chache za mbele, mikunjo ya macho, mwanya.

"Mbona hukuniambia umekuwa mtu mzima?"

Tulisimama hapo, na Gideoni akaja akachukua sanduku bila kutusemesha, akatangulia nalo.

Njiani nilimpa mkono kama siku zote. Akausukuma taratibu, akabaki nyuma yangu kidogo, kisha kushoto kwangu, kisha kulia. Nikadhani amechoka, nikaongeza mwendo ili tufike apumzike.

"Usiende haraka, mwanangu," akasema. "Bado nakuangalia."